Dawa haiishii dirishani

Mama mjamzito aliyepata kifafa cha mimba hutibiwa kwa sindano ya magnesiamu salfeti. Dawa hiyohiyo inayomwokoa ikizidi mwilini inaweza kusimamisha pumzi zake. Kwa hiyo kila baada ya saa nne, kabla ya kuchoma dozi nyingine, muuguzi au mkunga anapaswa kujiridhisha kwa mambo matatu: mgonjwa anavuta pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, mkojo wake haupungui mililita 30 kwa saa, na goti likigongwa mguu unaruka. Moja likikosekana, sindano inasubiri. Pumzi zikianza kufifia, kalsiamu glukoneti, dawa inayokata makali ya ile ya kwanza, inatakiwa iwe jirani na kitanda, si stoo. Utafiti wa Magpie uliochapishwa mwaka 2002, ulioshirikisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa wenye dalili za kuelekea kifafa cha mimba wakipewa dawa hii, hatari ya kupata degedege hupungua kwa zaidi ya nusu. Wanawake hao hawakupimwa damu ili kujua kiwango cha dawa mwilini. Walihesabiwa pumzi, wakapimwa mkojo, wakagongwa goti.

Katika wodi ya wazazi, basi, tumeshakubali kwamba kumpa mgonjwa dawa na kuangalia dawa inamfanya nini ni kazi moja. Nje ya wodi hiyo tunazitenganisha, na hapo ndipo tunapokosea. Mgonjwa wa presha, sukari, kifua kikuu (TB) au malaria anafika dirisha la dawa, anakabidhiwa bahasha iliyoandikwa 1x3, anaambiwa anywe baada ya kula, na anayefuata anaitwa. Bahasha haisemi kwamba dozi ya pili ya mseto wa malaria inywewe zikipita saa nane tangu ya kwanza, wala kwamba mseto hufyonzwa vizuri ukinywewa na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo. Karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi inasema mengi, ila kwa herufi ndogo na mara nyingi kwa Kiingereza, na mgonjwa anayepewa vidonge vya kuhesabiwa haioni kabisa. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hata katika nchi tajiri, ni karibu nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaotumia dawa zao kama walivyoelekezwa, na kwamba katika nchi zinazoendelea hali ni mbaya zaidi. Ukiyasikia hayo ni rahisi kuwalaumu wagonjwa kwa uzembe. Mimi nauliza kwanza waliambiwa nini siku waliyopewa dawa, na nani aliwauliza waliporudi.

Wapo wanaosema kuwa kumtajia mgonjwa madhara ya dawa ni kumtia hofu, ataiacha kabla hajaianza. Hoja hii inasikika hata kwa watumishi wenye uzoefu, na haifai kubezwa. Lakini tazama tiba ya kifua kikuu, ambayo kwa kawaida huchukua miezi sita. Rifampisini hugeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa, na wakati mwingine jasho na machozi. Aliyeambiwa mapema anauona mkojo huo na kuendelea na shughuli zake. Ambaye hakuambiwa anadhani anakojoa damu, na hakuna wa kumlaumu akivisukuma vidonge pembeni. Isoniazidi nayo inaweza kuleta ganzi na hali ya kuchomachoma miguuni, jambo linalozuilika kwa vitamini B6. Macho yakigeuka manjano ni suala jingine kabisa: huenda ini linaumia, na mgonjwa anatakiwa arudi kituoni siku hiyohiyo. Mgonjwa anahitaji kuyajua yote matatu pamoja na tofauti yake: lipi alipuuze, lipi alitaje siku ya kliniki, lipi limfanye apande bodaboda sasa hivi. Kimya hakimwondolei hofu. Kinamwacha aipate akiwa peke yake usiku, na mshauri wake awe jirani.

Presha ni hivyohivyo. Enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa. Mgonjwa asiyejua uhusiano huo ananunua dawa ya kikohozi, kisha antibayotiki, pengine anaanza kuogopa kuwa ana TB, na chanzo kiko kwenye kidonge anachokunywa kila asubuhi. Mwingine anaumwa mgongo, anajinunulia diklofenaki dukani mara kwa mara, na presha inagoma kushuka kwa sababu dawa hizo za maumivu huweza kuipandisha na pia kudhoofisha za kuishusha. Kliniki ikiishia kupima na kuandika, mgonjwa huyu ataongezewa dawa nyingine juu ya zile alizonazo. Swali moja la muuguzi, “unakunywa nini kingine, hata cha kununua dukani, hata cha mitishamba?”, lingemwokolea fedha na figo.

Wengine watasema kuwa hiyo ni kazi ya mfamasia. Kwa elimu ya dawa, mfamasia anamzidi muuguzi, na popote alipo asikilizwe. Ila zahanati nyingi vijijini hazina mfamasia, na hata hospitalini mfamasia humwona mgonjwa dakika chache dirishani. Muuguzi ndiye anayemkuta saa nane usiku baada ya dozi, na kwenye kliniki ya kila mwezi ndiye anayegundua kuwa mtu amepungua uzito au anapepesuka. Ndiye pia anayeweza kuunganisha yanayotoka milango tofauti. Mwanamke anachukua dawa za TB chumba kimoja na vidonge vya uzazi wa mpango chumba cha pili. Rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo, na asipopatikana mtu wa kuuliza maswali ya vyumba vyote viwili, mimba isiyotarajiwa itahesabiwa kuwa bahati mbaya.

Pingamizi zito kuliko yote ni uhaba wa watumishi. Muuguzi mmoja mwenye wodi nzima usiku hawezi kukaa na kila mgonjwa, na kumwambia ajitahidi zaidi ni kumwonea. Siombi moyo wa kujitolea. Naomba muda wa kufundisha na kufuatilia dawa uhesabiwe wakati ikama inapopangwa, kama unavyohesabiwa muda wa kuchoma sindano na kufunga vidonda. Kipo pia kinachowezekana bila ajira mpya. Kliniki nyingi tayari huanza asubuhi kwa elimu ya afya kwa walioketi kwenye mabenchi. Siku ya wagonjwa wa presha, elimu hiyo iwe juu ya vidonge vyao wenyewe, walivyokuja navyo mfukoni. Na mgonjwa asiulizwe “umeelewa?”, kwa sababu kila mtu huitikia ndiyo. Aambiwe aeleze mwenyewe atakunywaje dawa akifika nyumbani. Hilo linachukua dakika moja, na makosa yanajitokeza hapohapo. Gharama ya kuliacha tunaijua: mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, lilikadiria kuwa makosa ya matumizi ya dawa yanaigharimu dunia dola bilioni 42 kila mwaka.

Kuna upande mwingine wa kufuatilia dawa ambao wananchi wengi hawauoni. Baada ya msiba wa dawa ya thalidomaidi, iliyosababisha watoto zaidi ya 10,000 kuzaliwa na ulemavu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi zilianza kukusanya pamoja taarifa za madhara ya dawa, na mpango wa kimataifa ukaanza mwaka 1968. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Taarifa hizo hupokelewa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na hutegemea sana wahudumu na wagonjwa wenyewe. Muuguzi aliyeona vipele vikali baada ya dawa fulani anaweza kuogopa kujaza fomu ya taarifa hizo akidhani ataonekana yeye ndiye aliyekosea, hasa kama mganga mfawidhi ana tabia ya kutafuta wa kumlaumu. Kituo kinachotaka taarifa za kweli lazima kiitenganishe fomu hiyo na mambo ya nidhamu, na kiseme hivyo waziwazi kwenye kikao cha asubuhi. Kisha aliyeijaza arudishiwe majibu: imepokelewa, imechunguzwa, toleo lile la dawa lina tatizo au halina. Asiyejibiwa mara ya kwanza na ya pili, mara ya tatu hataandika, na mgonjwa wa kituo cha pili atapewa kidonge kilekile bila mtu yeyote kujua.