Mgahawa wa Kiitaliano Arusha upimwe wakati wa masika

Mwezi Agosti, mgahawa mdogo wa Kiitaliano mjini Arusha humtamanisha kila mwenye fedha za kuwekeza. Meza zote zimejaa, tanuri la kuni linawaka, na watalii waliotoka Serengeti na Ngorongoro wanasubiri nafasi mlangoni. Anayeiona hali hiyo huzidisha idadi ya sahani kwa bei, kisha kwa siku thelathini, akapata faida nono kwenye karatasi. Kasoro ya hesabu hiyo ni kuchukua mwezi mmoja mzuri na kuufanya mwaka mzima.

Biashara hii hupimwa vizuri zaidi Aprili na Mei. Kipindi hicho mvua za masika huharibu njia za mbugani, baadhi ya kambi hufungwa na wageni hupungua. Nyanya, ambayo ndiyo roho ya jiko la Kiitaliano, nayo kwa kawaida hupanda bei, kwani mvua huleta ukungu mashambani na kukwamisha magari yanayotoka vijijini. Hivyo gharama hupanda pale pale mauzo yanaposhuka. Kodi ya pango, mishahara na umeme navyo havingoji mvua ikatike.

Mwekezaji mdogo anaweza kutazama dalili tatu kabla ya kutoa fedha zake. Ya kwanza ni namna mgahawa unavyonunua mazao. Miteremko ya Mlima Meru hutoa nyanya, vitunguu, mboga, mayai na maziwa, na soko la Tengeru lina siku zake kubwa, Jumatano na Jumamosi. Nyanya zinapokuwa nyingi, matenga hujaa Tengeru na Kilombero hadi mkulima huuza kwa bei ya kutupa. Huko Italia, hasa kusini, familia nyingi hupika nyanya mwezi Agosti na kufunga rojo lake katika chupa kwa matumizi ya majira ya baridi. Mgahawa wa Arusha unaofanya hivyo wakati wa neema hauna sababu ya kulia Aprili. Akiba haiozi.

Dalili ya pili ni uzito wa bidhaa za nje katika gharama. Mafuta ya zeituni, tambi kavu za ngano ngumu na jibini ya Parmigiano, ambayo huhifadhiwa angalau miezi 12 kabla ya kuuzwa, huagizwa kutoka ng'ambo na bei zake hufuata thamani ya shilingi. Lakini tambi mbichi hukandwa kwa unga laini wa ngano na mayai, na jibini laini aina ya mozzarella huweza kutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe wa Meru. Jambo hili lina uzito zaidi tangu zilipotoka kanuni za mwaka 2025, zilizokataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwenye mgahawa hawezi tena kujikinga kwa kuandika bei kwa dola. Kila anachonunua Tengeru badala ya kukiagiza humpunguzia hatari.

Dalili ya tatu, na ndiyo kubwa, ni nani anayekaa mezani. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa 2015, iliuletea mji majaji, mawakili na watumishi wa kigeni wenye mishahara ya kula nje. Kazi ilipokwisha, wakaondoka. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona: wageni walioingia nchini walishuka hadi 620,867 kutoka 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2024 walifikia 2,141,895. Soko linalopaa namna hiyo ndilo linaloweza kuporomoka, bila mwenye mgahawa kuulizwa.

Mkazi hahami masika yakiingia. Watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wafanyabiashara wa Njiro na Usa River, na familia zinazosherehekea kipaimara wapo mwaka mzima. Wapo wanaodai kwamba mtu wa Arusha hataki piza, anataka nyama choma na ndizi. Dai hilo halisimami. Tambi zimeliwa majumbani miaka mingi, na chipsi nazo zilikuja kama ngeni. Kinachomzuia mkazi ni kutozwa Aprili bei iliyopangwa kwa mtalii wa Agosti.

Anayetaka kununua hisa katika mgahawa wa aina hii anashauriwa kudai vitabu vya masika matatu mfululizo, si picha za meza zilizojaa. Mkulima wa Meru naye aviulizie, kwa kuwa anayepeleka matenga kwa mkopo amekwisha kuwa mwekezaji, ingawa hakuna aliyempa hisa. Mgahawa ukifungwa Mei, mwenyewe hubaki na tanuri lake. Mkulima hubaki na deni asilojua atamdai nani. Malipo ya kila wiki, hata yakiwa kwa bei ya chini kidogo, yana usalama zaidi kuliko ahadi ya msimu ujao.