Lubumbashi: UNILU, chuo kinachochunga kumbukumbu za mji wa shaba

Kwa wengi walio nje, Lubumbashi ni mji wa shaba na kobalti tu. Lakini mji huo mkuu wa Haut-Katanga una pia chuo kikuu chenye historia ndefu, UNILU, na Fakulte yake ya Lugha na Sayansi za Kibinadamu imefanya mengi kuliko inavyojulikana.

Chuo hicho kilifungua milango mwaka 1956, wakati wa ukoloni wa Ubelgiji. Mwaka 1971, utawala wa Mobutu uliunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa kimoja, UNAZA. Masomo ya lugha na historia yalipelekwa Lubumbashi, hivyo vijana wa nchi nzima walilazimika kuyafuata huko. Mwaka 1981, UNAZA ilivunjwa na UNILU ikazaliwa.

Miaka hiyo ya 1970 ndipo Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefariki mwaka 2025, alipofundisha hapo, kabla ya kwenda Marekani. Johannes Fabian naye alifundisha hapo, akachunguza Kiswahili cha wafanyakazi na michoro ya Tshibumba Kanda Matulu.

Chuo kimepitia pia machungu. Mwezi Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa usiku ndani ya kampasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo, na Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire.

Tangu mwaka 2000, mradi wa « Mémoires de Lubumbashi », pamoja na mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, umekusanya masimulizi ya wakaaji wa mji: wafanyakazi wa Union Minière na Gécamines, wake zao na watoto wao.

Hapo ndipo penye swali kubwa. Masimulizi mengi ya wazee hao yanatolewa kwa Kiswahili, lakini mafundisho na kazi za mwisho wa masomo ni kwa Kifaransa. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, ila kuitwa lugha ya taifa si sawa na kuandikiwa vitabu. Mzee aliyetoa habari za maisha yake mgodini anaweza kukosa namna ya kusoma kilichoandikwa juu yake.

Migodi itaisha siku moja. Kumbukumbu zitabaki, kama wenyewe wataweza kuzisoma.