Maoni Yamepokelewa, Majibu Yako Wapi?

Ipo sentensi ambayo wanafunzi wengi wa elimu masafa wameizoea kuliko jina la mhadhiri wao: "Maoni yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi." Ni sentensi ya adabu, haina kosa la sarufi, lakini pia haina mtendaji. Nani ameyapokea? Nani anayafanyia kazi, na atamaliza lini? Ninaandika haya nikiwa Kiegeani, kisiwani Mafia, ambako maswali hayo yana bei yake katika nauli.

Katika chuo ninachofundisha, mwanafunzi hawezi kuyaona matokeo yake kabla ya kujaza dodoso la tathmini mwishoni mwa muhula. Dodoso lenyewe limerithiwa kutoka darasani. Linauliza iwapo mhadhiri alifika kwa wakati na iwapo sauti yake ilisikika hadi nyuma. Nyuma ya nini, kwa mtu anayesomea barazani kwake usiku, simu mkononi? Hujaza haraka haraka ili mlango ufunguke.

Ninamfahamu mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa kisiwani aliyekuwa akisomea shahada kwa utaratibu huu. Mchana alifundisha, usiku akasoma. Masomo yalimfikia kama video nzito zilizomaliza bando kabla ya kufika katikati ya mada. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni mtihani, uliofanyika bara. Alilazimika kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, kupanda boti kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kushika basi, kutafuta pa kulala, kisha kurudi njia ile ile, na kusi likivuma, boti huisubiri bahari. Mara tatu aliandika pendekezo moja: mtihani ufanyike Kilindoni. Mara tatu alijibiwa kwa sentensi ile niliyoanza nayo. Muhula huu hakujiandikisha.

Na hapa ndipo hesabu inapotia uchungu. Kwa kuwa dodoso hujazwa na waliofika mwisho wa muhula pekee, kuondoka kwake hakuhesabiwi kuwa malalamiko. Kinyume chake, mtu asiyeridhika ametoka katika hesabu, na wastani wa kuridhika umepanda. Chuo kinaweza kupoteza wanafunzi wa visiwani mmoja baada ya mwingine, huku taarifa yake ikizidi kung'aa.

Hatukuanza hivi. Desemba 1970 Mwalimu Nyerere aliitaja Mafia, pamoja na Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Rungwe, kuwa wilaya sita zitakazofuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla ya mwaka 1971 kwisha. Lengo lilikuwa kubwa mno kwa muda ule, lakini mwelekeo wake ulikuwa sahihi: darasa limfuate mtu alipo. Mwelekeo huo ndio uliozaa sheria ya mwaka 1992 iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na vituo vyake vya mikoa. Elimu masafa ina maana gani, kama masafa yote anayabeba mwanafunzi?

Mei 2024 ingetosha kutufunza. Mwanzoni mwa mwezi ule Kimbunga Hidaya kilitua hapa Mafia. Siku chache baadaye, tarehe 12, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari ililemaza intaneti karibu nchi nzima. Wanafunzi wetu waliomba muda wa ziada wa kuwasilisha kazi zao. Walikubaliwa, kwa sharti kwamba kila mmoja atume ushahidi wa kukosa mtandao, kupitia mtandao. (Siku ambazo mtandao haukukatwa na bahari nitaziandikia makala yake.)

Wenzangu hunikumbusha kwamba si kila oni la mwanafunzi lafaa kufuatwa. Ni kweli. Wapo wanaotaka alama ya kufaulu ishushwe, na hao wakataliwe wazi. Kukataa kwa sababu ni jibu, na mtu mzima hulipokea. Wenzangu husema pia kwamba kituo cha mtihani kwa watahiniwa wachache ni ghali, kinahitaji msimamizi na mahali salama pa kutunzia karatasi. Hoja hiyo ina uzito, ila mwalimu yule hakuwahi kuambiwa. Angeambiwa, angejibu kwa jambo analolijua kuliko Seneti yetu: kila Novemba vijana wa Mafia hufanya mtihani wa taifa wa kidato cha nne humu humu kisiwani. Karatasi za Baraza la Mitihani huvuka bahari, hulindwa, hurudi. Za chuo zinashindwa na nini?

Ninachokitaka ni ukurasa mmoja, utolewe kwa wanafunzi wote kabla muhula mpya haujafunguliwa. Useme walilalamikia nini, nini kimebadilishwa na tangu tarehe ipi, nini kimekataliwa na kwa sababu gani, na chini yake kiwe cheo cha mtu anayeweza kuulizwa. Tume ya Vyuo Vikuu ikija kukagua, iudai ukurasa huo. Kuuliza tu kama dodoso lipo hakutoshi, maana dodoso lipo siku zote. Maswali yale ya kurithi yaandikwe upya na watu waliowahi kusoma kwa simu. Na waliojiandikisha muhula uliopita wasionekane huu, watafutwe kwanza, kwa kuwa wao ndio wenye habari ambazo dodoso haliwezi kuzileta.

Kazi hiyo haihitaji kamati wala mfumo mpya wa kompyuta. Namba ya simu ya mwalimu yule imo katika faili lake la udahili. Mpaka ninapoandika haya, hakuna aliyempigia.