Land Rover ya Mjomba Haikuomba Nywila

Leo tuache programu kidogo, tuzungumze magari. Lakini usishangae tukirudi kule kule.

Gari la kwanza kuliendesha maishani mwangu lilikuwa Land Rover Series III ya dizeli, mali ya mjomba wangu kule Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia. Ilikuwa likizo ya Desemba 2013, nami nina miaka 16. Gari hizo zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, kwa hiyo lilikuwa limenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi! Usukani mzito, klachi ngumu, breki mpaka ukanyage mara mbili. Tulibebea samaki na mitungi ya maji.

Siku moja dizeli ilituishia mchangani. Tulimimina nyingine, injini ikakataa: hewa ilikuwa imeingia kwenye bomba. Mjomba akafungua boneti, akalegeza nati kwa spana, akapampu kwa mkono mpaka povu likaisha, akakaza. Betri nayo ilikuwa hoi, vijana wakasukuma, likawaka. Injini ile haina plagi za cheche. Ikishawaka haitegemei tena betri.

"Umeona, mwanangu? Hili halina siri."

Bodi yake ya alumini ilihimili chumvi ya bahari, lakini chasi ya chuma ililiwa na kutu. Mwaka 2019 mjomba akanunua pikapu ya kisasa. Haukupita mwaka, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi na injini ikagoma kuchanganya. Hatukumpata mtu yeyote Kiunga mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Ikabidi likokotwe hadi Mombasa, kupitia barabara ambayo watu wameipita kwa hofu kwa miaka mingi kwa sababu ya mashambulizi ya Al-Shabaab. Ubovu wenyewe? Waya mmoja wa sensa ulioliwa na chumvi.

Ningecheka, ila nami nilimfanyia vivyo hivyo. Nilimwandikia programu ya hesabu za samaki, isiyofunguka bila intaneti. Mtandao ulipokatika siku mbili, akarudi kwenye daftari. Akaniuliza tu: "Hesabu ni zangu, mbona zinaomba ruhusa Nairobi?"

Sikuwa na jibu.

Sisemi turudi kwenye magari ya kale. Yanatoa moshi, na ukigonga huna mfuko wa hewa wa kukuokoa. Isitoshe, Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka 8, kwa hiyo kompyuta tutazipata tu, tupende tusipende. Ninachouliza ni nani anashika ufunguo. Jimbo la Colorado, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2023 inayowalazimu watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima vifaa na programu za kuzitengeneza. Mvuvi na dereva wa Kiunga wanastahili hivyo hivyo, tena zaidi, maana fundi wao yuko mbali.

Sisi waandishi wa programu tuanze na zetu. Yangu nimeiandika upya: hesabu zinakaa kwenye simu ya mjomba, mtandao ukirudi zinatuma nakala. Na ikikwama, inamwambia kwa Kiswahili nini kimeharibika na afanye nini.

Yako je, ikizimika Kiunga, nani ataiwasha?