Bili ya umeme yatafuna faida ya vituo vya petroli Meru na Embu

WAENDESHAJI wa vituo vya petroli katika kaunti za Meru na Embu wana tatizo moja ambalo mwenye hoteli hana. Bili ya umeme ikipanda, mwenye hoteli huongeza bei ya chai. Mwenye kituo hawezi kuongeza hata senti kumi juu ya bei ya lita, kwa kuwa bei ya juu kabisa hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kila tarehe 14 ya mwezi.

Utaratibu huo ulianza Desemba 2010 kwa lengo la kumkinga mnunuzi. Ndani ya bei inayotangazwa mna gharama ya kuagiza mafuta, usafirishaji, msururu wa kodi na kiasi maalumu cha faida cha kugawanywa baina ya kampuni na muuzaji wa rejareja. Kiasi hicho huhesabiwa kwa lita, kituo kiwe kinawasha taa kumi au arobaini.

Serikali ilipopandisha kodi ya VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 mnamo Julai 2023, bei ilipaa, na kufikia Oktoba mwaka huo lita ya petroli ilikuwa ikiuzwa Sh217.36 jijini Nairobi. Wateja wengi walidhani wenye vituo wanavuna. Ukweli ni kwamba bei ikipanda namna hiyo, dereva wa matatu hupunguza safari na mwenye gari la nyumbani huliacha kwake. Lita zinazouzwa hupungua, faida ya mwendeshaji hupungua nazo, lakini taa za kituo huwaka saa zile zile.

Hapo ndipo hesabu ya umeme inapokuwa suala la uhai wa biashara, na pia la ajira ya wahudumu wa pampu, ambao aghalabu huwa wa kwanza kupunguzwa mambo yanapobana.

Kinachokula umeme kituoni si kile ambacho wengi hukidhania. Mota ya pampu moja huwa na nguvu ya takriban kilowati moja, na hufanya kazi tu wakati mafuta yanapotiwa. Mlaji mkubwa huwa juu ya vichwa vya watu, nao ni taa za paa linalofunika pampu, za mabango na za uwanja, zinazowaka kutoka magharibi hadi alfajiri. Wanafuata friji za soda na maziwa katika duka la kituo, kisha mashine ya kujaza magurudumu upepo na ile ya kuoshea magari.

Chukua mfano wa kituo chenye taa 12 za aina ya zamani, kila moja ikiwa ya wati 400. Zikiwaka saa 12 kila usiku, zitatumia uniti 57 na ushei. Zikibadilishwa na taa za LED za wati 120, ambazo hutoa mwanga wa kutosha kwa kazi hiyo, matumizi yatashuka hadi uniti 17. Kwa mwezi wa siku 30, tofauti ni kama uniti 1,200. Uniti moja ikikadiriwa kuwa Sh25 pamoja na tozo zake, kituo kitakuwa kimeokoa Sh30,000 hivi kila mwezi bila ya kuweka hata paneli moja ya sola.

Jambo hili lastahili kusisitizwa kwa sababu wafanyabiashara wengi, wanaposikia habari za kupunguza gharama ya kawi, huwaza sola kwanza. Mlolongo ufaao ni kinyume. Anayenunua paneli na betri za kuwashia taa zinazofuja umeme amenunua mtambo mara tatu ya mahitaji yake.

Kuna ulaji mwingine wa kimyakimya. Friji iliyochakaa raba ya mlango haipumziki. Kompresa inayovuja upepo kwenye mpira huanza kunguruma hata pasipokuwa na gari. Marekebisho ya aina hii hayahitaji mkopo, ila mtu wa kusoma mita asubuhi na jioni na kuandika alichokiona. Kanuni za usimamizi wa kawi za mwaka 2012 ziliwalazimu watumiaji wa zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka kufanyiwa ukaguzi wa kawi kila baada ya miaka mitatu. Kituo cha kawaida cha Nkubu au Runyenjes hakikaribii kiwango hicho, na kwa hivyo hakuna anayekibishia hodi kukikagua.

Kisha kuna jenereta. Nchi nzima ilipotiwa gizani Agosti 25, 2023, halafu tena Novemba na Desemba mwaka huo, kituo kisichokuwa na jenereta kilikuwa na maelfu ya lita chini ya ardhi kisizoweza kuziuza. Kwa barabara inayotoka Nairobi kupitia Embu na Chuka hadi Meru, ambako magari ya miraa kutoka Maua hayana subira, mteja aliyekosa mafuta leo hujaza kwingine kesho.

Hata hivyo, umeme wa jenereta ni ghali mno. Jenereta ndogo hutoa takriban uniti tatu kwa lita moja ya dizeli, na chini ya hapo ikiwa inaendesha taa chache tu. Kwa kuwa bei ya dizeli ilikuwa juu ya Sh160 Nairobi katika mwaka wote wa 2025, uniti hiyo iligharimu zaidi ya Sh50 kabla ya kuhesabu oili na fundi. Wako waendeshaji wasioihesabu dizeli hiyo kwa kuwa imetoka katika tangi lao wenyewe. Lakini ni mali iliyonunuliwa, na ilipaswa kuuzwa.

Yote haya yanatokea katika eneo ambalo ni chimbuko la umeme wa taifa. Mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yamepangana kwenye Mto Tana, upande wa chini wa Embu. Gitaru pekee lina mitambo ya megawati 225. Lakini umeme huo huingia katika gridi ya taifa, na mkazi wa Kiritiri haupati kwa bei nafuu kuliko mkazi wa Kisumu. Ukame unapopunguza maji, kama ilivyotokea mwaka 2000 nchi ilipoingia katika mgao wa umeme, na tena 2009 Masinga lilipofungwa, mitambo ya dizeli huwashwa na ada ya mafuta katika bili hupanda. Muuza mafuta basi hujikuta akilipia mafuta yaliyochomwa na wengine.

Waliojinasua ni wale waliozalisha umeme wao wenyewe. Kiwanda cha chai cha Imenti kilijenga mtambo mdogo wa umeme wa maji, na kimewahi kuuza ziada kwa Kenya Power. Kule Mbuiru, mradi wa wanakijiji wa Tungu-Kabiri ulitoa kilowati 18 kutoka kijito cha mlimani. Kituo cha petroli hakina mto, ila kina paa pana lisilokuwa na kivuli cha mti wala jengo.

Meru na Embu ziko karibu kabisa na ikweta, na jua huwa juu ya paa hilo kwa saa zinazokaribiana mwaka mzima. Mtambo wa kilowati 10 unaweza kutoa uniti 40 hivi katika siku njema. Umeme huo huja mchana, wakati pampu, friji na mashine ya kuoshea magari zinapofanya kazi, hivyo sehemu kubwa hutumika papo hapo bila ya betri. Betri ndiyo ghali, na itoshe kununua ya kuendesha pampu na taa chache umeme wa gridi unapokatika. Inveta na betri hazina budi kukaa mbali na pampu na mabomba ya kupumulia matangi, kwa sababu ya mvuke wa petroli, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Paa lenyewe sharti likaguliwe kama litahimili uzito na upepo.

Kampuni kubwa hazihitaji kuhubiriwa. Total, ambayo sasa ni TotalEnergies, ilitangaza mwaka 2016 mpango wa kuweka sola katika vituo 5,000 duniani. Ugumu uko kwingine. Katika vituo vingi vyenye nembo kubwa, paa ni la kampuni lakini bili ya umeme ni ya mwendeshaji aliyekodi. Kampuni haina haraka ya kupunguza bili isiyoilipa. Mwendeshaji naye hawezi kutia fedha katika paa ambalo huenda mwenzake akakabidhiwa mkataba ukiisha, paneli zikiwa bado hazijarudisha gharama. Kwa upande wa vituo huru vya miji midogo kama Siakago, mwenye kituo na mwenye bili ni mtu mmoja, ila mkopo wa benki ndio unaomshinda.

Kanuni za mwaka 2024 kuhusu kubadilishana umeme na gridi zilifungua mlango kidogo. Mteja anayerudisha uniti mbili za ziada kwa Kenya Power hupunguziwa moja katika bili yake. Ni nusu hasara, lakini kwa kituo ambacho Jumapili hakioshi magari mengi, ni bora kuliko umeme huo kupotea.

Mwendeshaji wa kukodi aliye na la kufanya mara moja ni yule wa kubadilisha taa. Balbu za LED huweza kufunguliwa na kuhamishwa, na katika mfano wa hapo juu hujilipa mapema kuliko mkataba kuisha. Paneli zitasubiri mazungumzo na mwenye paa, na yeyote atakayezinunua aukague kwanza mwezi wa Julai, wakati ukungu na manyunyu ya Mlima Kenya hulifunika jua la Embu na Meru kwa siku nyingi mfululizo na hesabu ya uniti 40 hukosa kutimia.