Mombasa ya zama za kati yazikwa chini ya majengo mapya

Mgeni anayeulizia Mombasa ya kale huelekezwa Fort Jesus na vichochoro vya Mji wa Kale. Hata hivyo, ngome hiyo ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, wakati mji wenyewe ulikuwa umekwisha kuishi karne kadhaa na kuchomwa moto zaidi ya mara moja. Mji huo wa awali hauonekani. Uko chini ya ardhi, kaskazini mwa Mji wa Kale, mahali palipo na hospitali, barabara na majumba ya ghorofa.

Ushahidi ulipatikana katika miaka ya 1970, pale mtaalamu wa mambo ya kale Hamo Sassoon alipochimba katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani. Matabaka ya udongo yalionyesha kuwa watu waliishi hapo tangu takriban mwaka 1000 hadi karne ya 16. Wazee wa Mvita hawakushangaa, kwani masimulizi yao siku zote yamemtaja Mwana Mkisi na mji wake wa Kongowea kabla ya Shehe Mvita.

Maandishi peke yake hayatoshi. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Wareno walioushambulia mji mwaka 1505 walikuta nyumba za mawe zenye ghorofa. Katika muda usiotimia karne mbili sura ya mji ilikuwa imebadilika, lakini nani aliyejenga, na kwa mali ya biashara ipi, ni maswali ambayo udongo ndio wenye kuyajibu.

Thamani ya udongo huo imeongezeka. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya vinasaba vya watu 80 waliozikwa Mtwapa, Manda na kwingineko pwani na bara. Vilionyesha kuwa wanawake wa Kiafrika na wanaume kutoka Asia, wengi wao wenye asili ya Uajemi, walianza kuchanganyika mnamo mwaka 1000; yaani wakati ule ule wa tabaka la chini kabisa la hospitalini.

Kenya haikosi sheria. Ile ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Kasoro ni kwamba mtoa taarifa ndiye mwenye hasara: mkandarasi akitangaza kwamba amekuta ukuta wa matumbawe, kazi husimama huku riba ya mkopo ikiendelea. Vigae kutoka shimo la msingi hupakiwa katika lori pamoja na kifusi, na hakuna anayehesabu.

Nafasi ya kuziba pengo hilo ipo mapema zaidi, katika tathmini ya athari kwa mazingira ambayo miradi mikubwa hulazimika kufanyiwa chini ya sheria ya mwaka 1999. Uchimbaji wa majaribio ukifanywa kabla kibali hakijatolewa, gharama yake huingia katika bajeti kama ile ya kupima udongo. Ukisubiriwa hadi tingatinga ligonge kaburi, kila siku ya kusimama huwa ugomvi.