Jibu Likichelewa, Andika Ukweli



Injili ya Dominika hii ya tatu ya Majilio (Mt 11:2-11) inatupeleka gerezani. Yohane Mbatizaji amefungwa, anasubiri, na moyo wake una swali. Anawatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama kweli yeye ndiye ajaye. Yesu hamjibu kwa maneno ya kubembeleza. Anawaagiza wamweleze Yohane yale waliyoyaona na kuyasikia: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanapata Habari Njema. Swali lilikuwa la wazi, na jibu lilikuwa matendo.

Nawakumbuka leo vijana wetu walioomba kusoma katika vyuo vikuu vya Marekani. Wengine huomba katika duru ya mapema, ambayo kwa vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba, na majibu hutoka katikati ya Desemba, ndani ya Majilio kabisa. Wapo wanaopokelewa, wapo wanaokataliwa, na wapo wanaoambiwa kwamba uamuzi umeahirishwa: maombi yao yatapimwa upya pamoja na ya duru ya kawaida, na jibu watalipata mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili. Hawa wa mwisho ndio wenye mzigo. Mama anasali novena, baba anatafuta mtu anayemjua mtu.

Mpendwa msomaji, kuahirishiwa si kukataliwa. Vyuo vingi humruhusu mwombaji kuandika barua fupi ya kueleza kwamba bado ana nia, na jambo gani jipya limetokea tangu alipoomba. Vingine husema wazi kwamba havitaki barua. Hapo tii, usitume. Ukiruhusiwa, andika kama Yesu alivyojibu: taja matendo. Matokeo ya muhula, kazi uliyoikamilisha, watoto wa jirani unaowafundisha hesabu. Ukurasa mmoja unatosha. Usilalamike, wala usiulize kwa nini mwenzako amechukuliwa.

Kishawishi kiko kwenye sentensi moja: "Chuo chenu ndicho chaguo langu la kwanza, na mkinipokea nitakuja." Ni sentensi nzuri ikiwa ni ya kweli. Lakini kijana akiinakili na kuipeleka vyuo vinne, amevidanganya visivyopungua vitatu. Atasema, nani atajua? Amri ya nane haikuweka ruhusa maalumu kwa waombaji wa vyuo. Tena nyuma ya nafasi hiyo yupo kijana mwingine, mtoto wa mtu, anayeingojea naye ameandika ukweli.

Nanyi wazazi, msimwandikie mtoto barua. Machi 2019 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki watu 50 katika kashfa ya udahili. Miongoni mwao walikuwamo wazazi matajiri waliolipa ili majibu ya mitihani ya watoto wao yasahihishwe kwa siri, au makocha wa michezo wahongwe. Sidhani kama hawakuwapenda watoto wao. Lakini mzazi anayefanya hivyo anamwambia mtoto, bila kutamka, kwamba yeye mwenyewe hatoshi. Jeraha hilo hubaki hata kama nafasi imepatikana.

Je, barua ya kweli itafungua mlango? Siwezi kuahidi. Wengi walioahirishiwa hawapokelewi mwishowe. Yohane naye alipata jibu, lakini hakutoka gerezani. Hata hivyo, Yesu alimsifu mbele ya umati wakati yeye hayupo kusikia. Thamani yake haikungoja mlango ufunguliwe.

Mtume Yakobo, katika somo la pili la leo (Yak 5:7-10), anatuonyesha mkulima anayengojea mvua. Mkulima huyo amekwisha kulima na kupanda. Subira yake haikuanza kwa kukaa. Basi kijana, tuma maombi yako kwingine pia, na vyuo vya hapa nyumbani usividharau.

Jioni ya leo, mzazi, keti na mwanao. Mwache asome barua yake kwa sauti, na kila sentensi muulize swali moja tu: hili ni kweli? Lisilo kweli alifute mwenyewe. Kisha aitume mara moja, arudi kwenye vitabu vyake.

Nawatakia Dominika njema.